Rondo au Msimbati? Wikiendi ya wawili, chagueni lenu

Kila mwisho wa mwezi nyumbani kwetu kuna kaugomvi fulani hivi. Watoto tunawapeleka kwa bibi yao Ijumaa jioni, gari inajazwa mafuta, alafu mume wangu anauliza swali ambalo jibu lake analo tayari kichwani, "Haya mama watoto, tunaelekea wapi?" Yeye mtu wa juu huko, kazaliwa Newala, kwake kupumzika ni miti, baridi na barabara ndefu. Mimi mtoto wa Mikindani, nikikaa siku mbili sijaona bahari najiona kama mgonjwa. Kwa hiyo yeye atasema Rondo, kule kwenye misitu ya mkoa wa Lindi, na mimi nitasema Msimbati, ufukwe wa kwetu Mtwara, na mpaka leo hakuna aliyeshinda. Sa kwa vile zote tumeshazirudia, na watu wanatuuliza sana hasa waliooana juzi juzi na wale waliohamishiwa Mtwara kikazi hawajui hata pa kuanzia, nimeona niziweke zote kwenye mzani mmoja. Nitajitahidi nisipendelee, ingawa mnajua tayari nimezaliwa wapi.

Njia zenyewe kwanza. Ya Rondo mnatoka Mtwara Jumamosi alfajiri, mnapita Mikindani, mnapita Mpapura, mnafika Mnazi Mmoja pale Mingoyo njia zinapogawanyika, moja ya Lindi na nyingine ya Masasi. Mnashika ya Masasi mpaka pande za Mtama, mnaiacha lami, mnaanza kupanda. Mnashinda msituni, jioni mnashuka mnalala Lindi mjini, Jumapili mnakula upepo wa bahari ya Lindi kisha mnarudi Mtwara mchana. Ukijumlisha kwenda na kurudi na vile vimizunguko inafika kama kilomita 350. Ya Msimbati ni kilomita 45 hivi tu kutoka mjini, mnapita Madimba kwenye mitambo ya gesi, mnaendelea mpaka bahari yenyewe iwazuie. Mnalala hukohuko, Jumapili mnarudi. Yani mmoja ni safari ya gari yenye msitu katikati na bahari mwishoni, na mwingine ni bahari tupu na msitu wake ni mikoko.

Tuanze na barabara maana ndo inayoamua mambo mengi. Mume wangu nyumbani si mwongeaji. Akirudi kazini ni salamu, chakula, taarifa ya habari, kulala. Lakini huyuhuyu mshikishe usukani, mtoe mjini, akishapita Mikindani na ule mkono wa bahari wenye mikoko upande mmoja, mdomo unafunguka kama redio. Mara ya kwanza tunaenda Rondo, tuko kwenye kile kipandio cha udongo mwekundu, gia ya kwanza, macho yote yako mbele kwenye mabonde ya maji ya mvua, ndo akanitolea kwamba amemdhamini mdogo wake mkopo wa Saccos na mdogo wake ameacha kulipa miezi mitatu. Hapo mi nifanyeje? Nikipiga kelele tunaingia korongoni. Nikakaa kimya, nikashika kile kishikio cha juu ya mlango, na mpaka tunafika juu nilikuwa nimeshatulia na tumeshapanga tutalilipaje. Nikamuuliza kwa nini hakusema nyumbani, akajibu, "Nyumbani unaniangalia usoni." Basi. Kwa hiyo kama kuna jambo mnalizunguka zunguka hamlisemi, chukueni Rondo, zile saa tano sita ndani ya gari zina kazi yake. Kwenye njia ya Msimbati hata hamjamaliza kuulizana kama mmezima jiko mmeshafika.

Ila barabara hiyohiyo inachosha, nisiwadanganye. Lami mpaka Mtama haina shida, matatizo yanaanza ukiiacha. Kiangazi ni vumbi tu na mashimo, gari ndogo ya chini inapanda kwa kuombea dua, mvua zikianza ule udongo unakuwa sabuni. Sisi tuna Rav4 ya zamani na bado kuna sehemu nilishuka nikatembea kwa miguu, si kwa kupenda. Msimbati nako si lami yote laini lakini ni karibu, hata mkipata pancha hamko mbali na watu.

Sasa msitu. Rondo ni uwanda wa juu, unapita mita 800 toka usawa wa bahari, kwa hiyo ukitoka kwenye joto la Mingoyo ukafika kule unahisi mtu kafungua friji. Beba sweta, mi mara ya kwanza nilicheka nikaja kujifunika kanga mbili. Kuna sehemu mbili ambazo watu wanazichanganya. Kuna shamba la miti la TFS, yani wakala wa misitu wa serikali, misaji imepangwa mistari, inapendeza kwa picha lakini hiyo imepandwa. Alafu kuna msitu wa asili wenyewe, ule wa hifadhi, hapo ndo mahali. Mivule mikubwa ya zamani ilivunwa sana enzi za mkoloni kwa hiyo usitegemee kila mti uwe wa kukumbatiwa na watu watano, ila bado kuna kiza cha mchana, kuna mizabibu mwitu imening'inia, na ukikaa kimya dakika kumi ndege wanakusahau. Pitieni kwanza ofisi ya TFS mchukue ruhusa na mpate mwenyeji wa kuwatembeza, msijifanye wajanja mkazama wenyewe.

Rondo kuna komba wake mdogo, anaitwa kwa jina la hukohuko Rondo, uzito wake gramu 60 hivi, yani yai la kuku linaweza kumshinda. Wanasayansi wanamhesabu kwenye wale wanyama wa jamii ya nyani walio wadogo kabisa Afrika na yuko hatarini kwa sababu hivi vimisitu vya pwani anavyoishi vimebaki vipande vipande. Tulichelewa kushuka makusudi siku moja mpaka magharibi ili tumsikie. Mwenyeji wetu akazima tochi, tukasimama, mbu wakatufaidi, kisha juu ya miti kikaanza kimlio kinachokwenda mara mbili mbili, mbili mbili, kama mtu anaviringisha kete mkononi. Akasema ndo yeye huyo. Kumuona hatukumuona, macho mawili tu yaliyowaka sekunde moja kwenye tochi yakapotea. Mume wangu alitabasamu mpaka Lindi. Mimi niliona ni safari ndefu kwa ajili ya macho mawili, lakini nakiri nimehadithia watu wengi kuliko yeye. Ila kushuka ule mlima usiku siwashauri, sisi tulifanya mara moja na tulitukanana.

Nikiwa bado upande wa Lindi, mtu atawaambia mpitie Tendaguru kuona dainosa. Jueni kwanza hapo hakuna dainosa. Mifupa ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kichwani siku kadhaa za mwendo mpaka bandari ya Lindi, ikaenda zake Berlin na iko huko mpaka leo, dainosa mmoja mifupa yake imesimamishwa, ina urefu wa mita 13 na kitu kwenda juu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mwenzetu, Boheti bin Amrani, jina ambalo shuleni hatukufundishwa. Kilichobaki pale ni kilima, majani na historia. Kwa wikiendi ya siku mbili hapaingii, ni mbali na barabara ni ya kubahatisha. Kaeni ufukweni Lindi mkipiga hiyo stori tu, mkitazama palepale kwenye ghuba mifupa ilipopakiwa melini, inatosha.

Haya, Msimbati. Hii ni kwetu, nitajizuia. Mchanga wa Msimbati unajulikana kwa jambo moja kubwa, maji yakipwa unakuwa mgumu mpaka gari inapita juu yake kama lami, unaendesha bahari kushoto, minazi kulia, kilomita na kilomita. Kwa watu wawili waliooana sijaona kitu kitamu kama hicho, madirisha wazi, hakuna foleni wala tochi ya trafiki. Lakini sikilizeni vizuri hapa maana ndo pameshatugharimu.

Mchanga huo una saa zake. Siku za bamvua, yani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya huku kwetu yanakupwa sana saa nne asubuhi hivi na yanajaa kabisa saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Mtoto wa Mikindani mimi hilo nalijua tangu naokota chaza na bibi. Sasa siku hiyo tulichelewa kutoka mjini kwa sababu mtu fulani alikuwa anatafuta chaja ya simu, tukafika Msimbati saa tisa alasiri, bamvua, bahari inapanda. Nikamwambia baba watoto leo gari tuiache juu. Akasema si tunapita mara moja tu, turudi. Tukaenda vizuri, kurudi ile njia ngumu imeshaliwa na maji, imebaki ule mchanga mkavu wa juu ambao ni kama unga wa sembe. Gari ikazama mpaka kwenye tumbo. Kadiri anavyokanyaga mafuta ndivyo inavyojichimbia kaburi. Mawimbi yako hatua kama ishirini na yanakuja.

Walikuja vijana wa kijijini kama saba na watoto wasiohesabika. Jambo la kwanza walilofanya hawakusukuma, mmoja alichuchumaa akatoa upepo tairi zote nne kwa kijiti mpaka zikalala kama chapati, wengine wakafukua kwa mikono, wengine wakaleta makuti makavu wakayatandika mbele ya tairi. Kisha kijana mmoja akamwambia mume wangu, kwa adabu kabisa, "Shemeji, kanyaga taratibu, usiikasirikie." Ikatoka. Tuliwapa ya soda na ya samaki, na tokea siku hiyo kwenye buti tuna koleo, pampu ya tairi na vipande viwili vya ubao. Yeye hapendi niikumbushe hii stori na ndo maana naiandika.

Kwa hiyo kwa Msimbati msichague wikiendi kwa kalenda ya mshahara tu, angalieni mwezi. Bamvua ikiangukia Jumamosi au Jumapili, ni nzuri, asubuhi mnaendesha mchangani, mnatembea kwenye miamba iliyobaki wazi, mchana gari juu, jioni mnaogelea bahari imejaa mpaka mlangoni. Ikiwa maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi sana, hapo sahau kuendesha, ila kuogelea na kuangalia matumbawe kwa miwani ya maji inakuwa raha zaidi kwa sababu maji yametulia. Na upepo nao, kusi ikiwa kali mwezi wa sita mpaka wa nane bahari inachafuka na mchanga unapiga usoni, ila hewa ni ya baridi kidogo na mbu wanapungua. Nangoja sana mwezi wa nane mpaka wa kumi, nyangumi wanapita pwani hii na watoto wao.

Eneo lote hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, ina kama kilomita za mraba 650 ukichanganya maji na nchi kavu, kwa hiyo kuna kiingilio, mtanzania analipa kidogo na mgeni zaidi, na mnapewa risiti, itunzeni. Na ule msitu niliosema, mikoko, msiudharau. Mkodi mtumbwi na mwenyeji maji yakiwa yanajaa, muingie kwenye vijito vya upande wa Ruvuma, mchu na mkandaa umefunika juu, kaa wekundu wanapanda mizizi, kimya kabisa isipokuwa kasia. Mume wangu, mtu wa miti, hapo tu ndo nilimuona anakubali kwamba kwetu nako kuna msitu. Alisema "hii misitu yenu inanuka" lakini hakutaka kutoka.

Chakula, haraka haraka. Njia ya Rondo inashinda kwa vitu vya barabarani, pale Mnazi Mmoja gari ikisimama tu mnazungukwa na korosho, ndizi, samaki wa kukaanga, na ukibahatika ming'oko ya kuchemsha, vile vimizizi vyembamba vinavyochimbwa porini. Unamenya ganda kwa meno, unachovya chumvi, kina utamu wa mbali kama kinakuficha. Mtu wa Dar mkimlisha hicho anauliza ni nini mara tatu. Lindi jioni pweza wa kuchoma. Msimbati ni samaki aliyetoka majini saa hiyo, madafu, wali wa nazi, lakini agizeni mapema, chakula chao hakipikwi mpaka mtu aagize na mpaka mvuvi arudi. Tumeshakula saa kumi jioni chakula cha mchana, na tulikuwa wenye furaha tu kwa sababu hatukuwa na saa.

Pesa. Watu wanadhani Msimbati ni rahisi kwa sababu ni karibu. Mafuta kweli, gari yetu inakula lita moja kwa kilomita kumi hivi, kwa hiyo Msimbati ni lita kumi na Rondo ni lita thelathini na tano. Ila Lindi mjini gesti za kawaida nzuri zipo nyingi na mnachagua, Msimbati sehemu za kulala ni chache na bei yake iko juu kuliko ya Lindi, jumlisha kiingilio cha hifadhi kwa vichwa viwili, jumlisha mtumbwi. Mara zote mbili nilizoandika hesabu kwenye daftari tofauti ilikuwa ndogo, pesa ya Rondo inaishia sheli na pesa ya Msimbati inaishia kitandani. Kama hamna gari na mnataka kukodi, hapo Msimbati inashinda bila mjadala, Rondo kwa gari la kukodi ni maumivu na mwenye gari akijua unapanda kule atakunyima.

Majira. Huku kusini mvua inaanza mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili mpaka wa nne, wakati mwingine wa tano. Kipindi hicho Rondo futeni kabisa labda muwe na gari ya juu inayovuta tairi zote nne na roho ngumu. Mwezi wa sita mpaka wa kumi Rondo ni yenyewe. Mwezi wa kumi na kuendelea korosho zinaanza kuanguka, njia nzima toka Mikindani inanukia mabibo, hiyo harufu mi naipenda kuliko manukato, ila malori ya korosho nayo yanajaa barabarani, endesheni kwa akili.

Wapo watakaouliza mbona sijaitaja Kilwa. Kilwa ni nzuri mno, magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye urithi wa dunia tangu 1981, na Ibn Battuta alifika hapo 1331 akausifia mji. Lakini kutoka Mtwara mpaka Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300 kwenda tu, mkifika Jumamosi mmechoka, kibali, boti ya kuvuka, magofu, kesho yake alfajiri mnageuza. Hiyo ni ya siku tatu, au ni ya nyie mnaotoka Dar. Na masika ulizieni barabara kwanza, baada ya kimbunga Hidaya mwezi wa tano 2024 ile njia ilikatika upande wa Somanga na watu walilala barabarani.

Sasa nani achukue ipi. Wapya kwenye ndoa, miezi ya kwanza ile, nendeni Msimbati, hamna cha kuzungumza barabarani saa sita bado, mnataka kulala na kucheka. Wenye watoto wadogo ambao mwili unadai usingizi, Msimbati pia, sisi mwaka ule wa mtoto wa pili tulifika tukalala kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tatu asubuhi na hiyo ndo ilikuwa safari nzima, na ilikuwa bora kuliko zote. Waliokaa miaka kumi na kuendelea, waliozoeana mpaka hawaulizani tena, Rondo. Waliokasirikiana, Rondo, ila mmoja awe ameshakubali kwamba ana kosa kabla ya kufika Mtama, maana ule mlima hautaki watu wawili wote wanaobisha. Mwenye mgongo mbovu au mjamzito, Msimbati, na aende polepole. Na kosa moja msifanye, tulilifanya sisi, la kutaka zote mbili wikiendi moja ili kila mtu aridhike. Jumamosi Rondo, usiku Mtwara, Jumapili Msimbati. Tulirudi Jumapili usiku hatusemeshani, gari imejaa vumbi jekundu ndani na mchanga mweupe juu yake, na Jumatatu wote wawili tuliomba ruhusa kazini.

Mwezi uliopita tulikuwa Rondo, kwa hiyo hii ni zamu yangu, na nimeshaangalia, mwezi mpevu ni Ijumaa. Maji yatakupwa saa tano kasoro Jumamosi. Nimemwambia tutoke saa mbili asubuhi. Amesema sawa, hajabisha, na nilipopita uani jioni hii nimekuta koleo ameshaliweka kwenye buti mwenyewe.